Robo ya Mwisho ya Fundi Chuma

Shemeji yangu ana mkono usiojua kuacha. Nasema hivi nikiwa na ushahidi, maana tumeishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na tisa, na sijawahi hata siku moja kufungua mwenyewe chupa aliyoifunga yeye. Nyumbani kwake kopo la sukari hufunguliwa kwa mabavu. Koki ya jikoni unaishika kwa mikono miwili, na kwanza unavuta pumzi. Watoto wake walipokuwa wadogo walikuwa wakiniletea chupa zao za maji niwafungulie kwa koleo la dukani, halafu tunakaa pale kumsema baba yao mpaka tunaridhika.

Mtaa mzima unamwita Chuma, na jina hilo limetokana na kazi. Yeye ni fundi bomba wa enzi za mabomba ya chuma. Bomba unalibana kwenye jiriwa, unalichonga meno nchani kwa mashine ya mkono, unayazungushia katani, unapaka rangi kidogo, kisha unalikaza kwenye kiungo chake kwa spana. Unakaza, unakaza, na ukishaona umemaliza kabisa unaongeza robo mzunguko. Hiyo robo ya mwisho ndiyo fahari yake. Fundi aliyemfundisha alimwambia kwamba maji huvujia kwenye ile robo ambayo mvivu hakuimalizia, naye akalimeza neno hilo zima zima, akalipeleka mpaka kwenye kopo la sukari.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Mabomba yamesimama nyuma ya mlango, saruji iko kushoto, na juu ya kaunta kuna misumari ya kila saizi ndani ya makopo ya maziwa. Dada yangu, yaani mke wa Chuma, ni fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kinatazamana na duka langu. Kwa hiyo habari za nyumba ile hunifikia bila kuzifuata. Siku zisiponifikia huwa nazifuata, sitaki kusema uongo.

Mwaka jana bega lake la kulia likaanza kugoma. Kuchonga meno ya bomba kwa mkono ni kazi ya bega: unavuta mpini chini, unaurudisha juu, unavuta tena, na bomba la chuma halina huruma. Miaka thelathini ya mchezo huo si midogo. Ikafika mahali kikombe cha chai hakivuki kidevu, inabidi kidevu ndicho kishuke kukifuata. Daktari akamwambia apumzishe mkono. Akasema sawa daktari, asante daktari, akatoka pale akaenda moja kwa moja kukaza koki ya jirani.

Na kazi zenyewe zilikuwa zimeadimika. Kwa bei ya bomba moja la chuma mtu anaondoka dukani kwangu na manne ya plastiki, tena anayabeba mwenyewe begani huku akipiga mluzi. Mafundi wapya walikuwa wanamaliza nyumba nzima ndani ya siku ambazo Chuma alizihitaji kwa bafu moja. Simu yake ikawa inaita kwa ajili ya mabomba yaliyooza tu, na baadaye hata hayo yakaisha, maana kila bomba bovu la chuma likitolewa, la plastiki ndilo linalorudi.

Dada akapitisha uamuzi wake kimya kimya. Asubuhi moja nilimwona anashusha kigoda chenye mto, anakisogeza pembeni ya meza ya kukatia nguo.

"Cha nani hicho?" nikamwuliza kutoka ng'ambo.

"Cha baba watoto. Atapiga pasi na kushona vifungo."

"Umemwambia?"

"Atakiona," akasema. "Mdogo wangu, nimechoka kumsikia akiguna kila anapovaa shati. Nimechoka kabisa."

Akakiona. Alisimama mlangoni kwa mkewe, akakitazama kile kigoda, kisha akavuka barabara akaja kwangu. Akaokota elbo ya plastiki, kile kiungo cha kona, juu ya kaunta, akawa anaigeuzageuza.

"Shemeji," akasema, "dada yako ameanza kunishonea sanda."

"Ni mto tu, shemeji. Tena wa maua."

Hakucheka. Chuma hucheka hata kwenye mazishi, mpaka watu wamkanyage mguu. Siku ile nilimwona jinsi alivyo, mtu wa miaka hamsini na sita aliyeishika elbo kana kwamba imemtukana, na moyo ukaniuma kweli kweli. Pale pale nikavuka barabara kwenda kugombana na dada yangu, kazi ninayoiweza sana.

Tuligombana mpaka mteja wake akaondoka na nguo nusu imeshonwa. Mwishowe tukafikia mapatano, Chuma akiwa amesimama katikati. Atafute kazi moja ya jengo jipya. Aifanye kwa njia za siku hizi. Mabomba yakijazwa maji ya kupampu, yakashika, basi yeye ni fundi na kigoda kitauzwa. Yakivuja, atakaa kwenye kigoda, na mimi nitafunga mdomo. Hilo la mdomo wangu dada alilirudia mara mbili.

Kazi ikaja kutoka kwa Mama Mkunga. Huyu ni mkunga mstaafu, mfupi, mkavu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Amezalisha nusu ya watu wa mtaa huu, nikiwemo mimi, na kwa hiyo hakuna mtu mzima anayeweza kumbabaisha. Alikuwa anajenga nyumba ya kujifungulia: vitanda sita, bafu mbili, chumba kimoja cha kujifungulia chenye maji ya moto. Pesa ilikuwa ya akiba yake, na alisema wazi kwamba fundi akimzidishia bei, itabidi afute bafu moja kwenye ramani.

Aliwaita mafundi watatu na kuwauliza swali moja: viungo vya mabomba yangu utaviunganisha kwa njia gani, na kwa nini? Wa kwanza akasema gundi nyumba nzima, ndiyo rahisi. Wa pili akasema kuyeyusha kwa mashine ya moto nyumba nzima, ndiyo ya kisasa. Chuma alikwenda wa tatu, nami nikamsindikiza kwa kisingizio cha kupima mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si wewe unayeitwa Chuma? Nakujua. Utaniambia chuma nyumba nzima."

"Hapana, mama," akasema. "Maji baridi ndani ya ukuta, plastiki ya gundi. Kiungo chake ni cha bei ya chini, kinafungwa haraka, na kikishafunikwa na plasta hakuna atakayekuja kukifungua. Lakini maji ya moto gundi hayaiwezi, yaani gundi haiyawezi. Ile plastiki italegea. Kutoka kwenye hita mpaka chumba cha kujifungulia tuweke bomba la kuyeyusha. Ni viungo tisa tu. Mashine sinunui, nakodi nusu siku."

"Kwa nini nisiyeyushe nyumba nzima, kama ni zuri hivyo?"

"Utalipia bomba zito mahali ambapo maji ya moto hayatafika mpaka mwisho wa dunia."

Mama Mkunga akavaa miwani. "Na chuma umekitupa?"

"Kwenye mita na chini ya tangi, hapo ndipo pa chuma. Watu watapita na ndoo, watagonga, watakanyaga, na koki itabadilishwa siku moja. Panataka kiungo kinachofunguka. Ni viungo sita, na meno yatachongwa kwa umeme dukani kwa shemeji yangu huyu anayejifanya anapima mchanga."

Nikaacha kupima mchanga. Mama Mkunga akauliza bei, Chuma akaitaja, na ilikuwa chini ya ile ya fundi wa pili kwa mbali, juu kidogo ya ile ya wa kwanza. Akauliza hiyo nyongeza ni ya nini. Chuma akamjibu kwamba fundi wa kwanza angegundisha hadi maji ya moto, na baada ya mwaka angeitwa kuvunja vigae.

"Utaanza Jumatatu," akasema Mama Mkunga. "Jumatatu ya pili mtu wa plasta anaingia. Akiingia nataka mabomba yamejaribiwa."

Tuliporudi Chuma hakutembea, alikuwa anaelea. Alinunua kwangu kopo la gundi, msasa, elbo, tii za njia tatu na soketi za kuungia, na akanisomea maelezo ya kwenye kopo la gundi kwa sauti, mara tatu, kama mtu anayejifunza dua. Safisha. Piga msasa. Paka pande zote mbili. Sukuma huku ukizungusha robo.

"Umesikia?" akasema, macho yanang'aa. "Robo! Hata hawa wanaijua!"

Nilicheka. Laiti ningesoma mstari uliofuata, lakini nao ulikuwa umefunikwa na kibandiko changu cha bei. Hilo kosa ni langu, na nimelikubali mbele ya watu wote waliouliza.

Wiki ile alifanya kazi kwa furaha mpaka ikawa kero. Jioni alikuwa anatuhadithia elbo moja moja. Viungo vya maji ya moto aliviyeyusha Jumatano: unapasha ncha ya bomba na kiungo chake kwa pamoja, unahesabu kidogo, unavisukuma vikutane, na ukiondoa mkono vimekuwa kitu kimoja. Alisema vilimchoma vidole kila alipotaka kuvigusa. Vya chuma akavikaza kwa spana, huku dada akiwa mbali asisikie mguno. Na vya gundi, vilivyokuwa vingi kuliko vyote, thelathini na nane kwa jumla, alivimaliza Alhamisi adhuhuri.

Ijumaa tukaenda kujaribu. Mama Mkunga alikuwepo, dada alifunga chumba chake akaja, na mimi nilileta pampu ya mkono ya dukani, ile yenye geji ya kupimia nguvu ya maji. Mabomba yakajazwa maji, hewa ikatolewa, Chuma akapampu kwa mkono wa kushoto. Mshale ukapanda, ukafika panapotakiwa, ukasimama. Chuma akatabasamu. Kisha mshale ukashuka.

Akapampu tena. Ukashuka tena, haraka zaidi. Ndipo tukaanza kuona ukutani: tone hapa, tone pale, kwenye elbo ya sinki, kwenye tii ya bafu, kiungo baada ya kiungo kikitoka jasho. Hakuna kilichofyatuka. Vilikuwa vinalia tu polepole, na maji yanashuka kwenye matofali.

Dada akaangalia chini. Ningependa kusema alifurahi kidogo, nipate cha kumshutumu, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto anayezuia kilio.

Chuma akageuka, akanitazama mimi.

"Gundi yako imekufa, shemeji," akasema. "Umeniuzia gundi iliyolala."

Jamani. Mbele ya mteja! Mimi ambaye nimeuza gundi mtaa huu miaka kumi na tisa na sijarudishiwa hata kopo moja! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki, nikamtajia makopo yote ya sukari niliyoyafungua kwa nyundo, nikamtajia na chupa ya mafuta. Mama Mkunga akaniambia nikae chini, nikakaa juu ya ndoo, bado nasema.

Hasira yangu ina faida moja, inanifanya niangalie vizuri ili nipate la kujibu. Nikiwa pale kwenye ndoo nikaanza kuhesabu viungo vinavyovuja. Ishirini na sita. Nikavitafuta vilivyobaki, kumi na viwili, vyote vikavu kabisa, na vyote viko juu, karibu na dari, kule mabomba yanakoshukia kutoka kwenye tangi.

"Shemeji," nikasema. "Gundi ya juu ulinunua kwa nani?"

"Kwako. Kopo lile lile."

"Kwa hiyo gundi yangu imekufa kuanzia kifuani kwenda chini, ila kichwani iko hai?"

Akatazama juu. Akatazama chini. Nikaingia kwenye boksi la mabaki, nikatoa vipande viwili vya bomba na soketi, nikavisafisha, nikavipaka gundi kutoka kopo lile lile na kuviunganisha, kisha nikaviweka juu ya tofali mbele yake.

"Tusubiri hapa," nikasema. "Kikishashika utakivuta mwenyewe."

Tukasubiri. Mama Mkunga alikuwa anafuta miwani. Dada amesimama mlangoni. Mimi macho yangu hayakutoka kwenye lile tofali, ndiyo maana nikauona ule mkono. Chuma alikuwa anazungumza kuhusu msasa, labda msasa ulikuwa laini mno, na huku anazungumza mkono wake wa kulia ukaondoka wenyewe pale kiunoni, ukafika kwenye tofali, ukashika ile soketi, na taratibu ukaiongezea kidogo. Kiungo kikatoa kilio chembamba.

"Huyo!" nikapiga kelele. "Mwizi huyo!"

Mkono ukaiachia kama umeungua. Sote tukauangalia ule mkono. Yeye mwenyewe aliuangalia kuliko sisi wote.

Ilichukua muda kidogo kueleweka, kisha ikaeleweka yote kwa mara moja. Kila alipogundisha viungo vitano au sita, alikuwa anarudi nyuma kuvimalizia robo yake ya mwisho, kama alivyofanya maisha yake yote kwenye chuma. Chuma ukikiongezea kinashika zaidi. Gundi iliyoanza kushika ukiizungusha inaachia, na haishiki tena vile. Viungo vya juu vilipona kwa sababu ili kuvifikia mara ya pili ilibidi apande ngazi na kuinua mkono, na bega lilikuwa limekataa. Nikabandua kibandiko changu cha bei kwenye kopo. Chini yake pameandikwa: kisha usikiguse.

Nilitegemea atatafuta sababu nyingine. Mwanaume aliyeaibika mbele ya mkewe huwa hakosi sababu. Chuma akamgeukia Mama Mkunga, akasimama wima.

"Mama, kosa ni langu. Gundi ni nzima. Nimevivunja mwenyewe kwa mkono huu."

"Vinarekebishika?"

"Cha gundi hakifunguki, ndiyo ubaya wake. Nitavikata vyote ishirini na sita, niweke vipya. Bei ni juu yangu. Kama bado unanitaka."

Mama Mkunga akamwendea, akamshika kiwiko na kumwinua mkono bila kuomba ruhusa. Chuma akatoa sauti ambayo wanaume huwa hawaitoi mbele za watu.

"Huu mkono umechoka," akasema Mama Mkunga. "Kichwa bado kizima. Jumatatu ni Jumatatu, fundi."

Tulipofika mlangoni kwa dada nilidhani nitasikia neno la kigoda. Badala yake Chuma ndiye aliyeanza.

"Mama watoto," akasema, "nishonee kitu cha kuufunga huu mkono kifuani. Uukaze kweli. Nikiuacha huru utarudi kule."

Daktari aliomba hivyo, dada mwenyewe alibembeleza hivyo mwaka mzima, hakupata kitu. Akakata kitambaa kigumu cha magodoro, akakishona mara mbili pindoni, akamfunga mkono shingoni na kiunoni mpaka hausogei. Halafu akachukua mkasi wake mdogo na taulo, akasema, "Sasa utagundisha na mkono upi? Nakuja."

Kwa hiyo Jumamosi tulikuwa watatu pale kwenye jengo, duka langu limefungwa na wateja wangu wanaulizana kama nimefiwa. Chuma alipima na kuweka alama kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikata kwa msumeno. Dada alipiga msasa, akapaka gundi na kusukuma. Na hapo nikamwona dada yangu akigundua kitu ambacho miaka yote alikuwa hakioni, kwa sababu kazi ya mumewe aliijua kwa mlio wa mguno na uchafu wa shati. Alikuwa anamwuliza, "Hapa nisiweke elbo mbili?" naye anamjibu kwamba kila kiungo ni mlango wa kuvujia na ni pesa, asogeze bomba kiganja kimoja kushoto, itatosha elbo moja. Wakafanya hivyo ukuta mzima. Kule ambako mara ya kwanza alitumia viungo ishirini na sita, mara hii vikatosha kumi na tisa.

"Hivi saba vya zaidi mara ya kwanza viliingiaje?" dada akauliza.

"Mara ya kwanza nilikuwa nataka kazi iishe ndipo unione," akasema Chuma. Dada akainamia msasa wake.

Baada ya kusukuma kila kiungo dada alipangusa gundi iliyozidi kwa taulo, akaondoa mikono. Kabisa. Anapita kwenye kingine. Chuma alikuwa anatazama mikono ile inavyoacha, na kile kitambaa kifuani kilikuwa kinacheza, maana ndani yake mkono ulikuwa unatafuta njia. Mara moja akamwambia, "Mke wangu, hicho kiongeze kidogo." Dada akamjibu bila kugeuka, "Mimi nikishashona sirudi kuvuta uzi." Nilicheka mpaka msumeno ukaenda upande.

Jumapili hakuna aliyeruhusiwa kufika pale. Dada alificha funguo za jengo ndani ya sidiria yake na hakuona aibu kutuambia.

Jumatatu asubuhi mtu wa plasta alikuwa tayari nje, anakoroga. Mama Mkunga akaniashiria nianze. Nikapampu mimi, mshale ukapanda, ukafika, ukasimama. Chuma hakuweza kukaa ndani, akatoka akasimama nyuma ya rundo la matofali, mgongo kwetu. Tulikubaliana tungoje muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Mama Mkunga alichemsha chai kweli. Tukainywa bila kuiangalia, sote macho kwenye geji, na dada alipitisha kiganja kwenye kila kiungo, kimoja kimoja, kuanzia chini hadi alipopanda ngazi kuvifikia vya juu.

Mshale haukusogea.

"Baba," dada akaita. "Njoo."

Akaja akiwa amejiandaa kwa mabaya, uso umekaza. Akatazama geji, akaigonga kwa kidole cha kushoto, akatazama tena. Kisha machozi yakamtoka hivi hivi, hana mkono wa kuyafuta, na dada akayafuta kwa taulo yenye gundi. Nikataka kutoa mzaha, nikaukosa. Mimi pia nilikuwa nalia.

Mama Mkunga akatoa kalamu nene ya wino kwenye mfuko wa gauni. Akamwonyesha ukuta wa pale kwenye mita, karibu na viungo vya chuma, sehemu ambayo haitapigwa plasta.

"Andika hapa," akasema. "Fundi, halafu namba ya simu. Kitu kikiharibika nijue wa kumwita, na hata nisipokuwepo mimi, wajue."

"Ngoja nikufungue mkono uandike," dada akasema.

"Uache," akasema Chuma. "Ukitoka huo, utaenda kwenye elbo."

Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Herufi ya kwanza ikaenda kombo, ya pili ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Mtu wa plasta akachungulia mlangoni kuuliza kama aanze, na dada yangu akamwambia asubiri, fundi anaandika.